Uso wa Karatasi

Atlabara, Juba
Jumamosi, 5 Mei 2007

Biar aliondoka asubuhi akisema anakwenda bandarini kupokea mzigo uliotoka Khartoum. Nikadhani ni kile kitanda anachokisema kila siku. Alasiri amerudi, na mzigo wenyewe una miguu minne.

Msichana wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka tisa. Wamekuja kwa tishari kutoka Kosti, wiki tatu mtoni, midomo imewapasuka kwa jua. Biar alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nyachuol," akasema, "hawa ni wanangu. Athieng na Kuol. Mama yao alifariki. Sikuwa na namna."

Miaka saba ya ndoa! Miaka saba nimempikia mtu huyu, Kitale hadi Juba, na hata siku moja hajafungua mdomo kusema kwamba kabla hajaja Kenya alikuwa na mke na watoto Khartoum. Watu wetu waliniambia, wewe binti wa Kinuer utaolewaje na Mdinka? Nikawanyamazisha wote. Nikasema Biar si kabila, Biar ni Biar.

Sikupiga kelele. Watoto walikuwa wananitazama, na mtoto aliyefiwa hana kosa. Nikawachemshia maji ya kuoga, nikawapakulia maharagwe. Msichana hakugusa sahani yake mpaka mdogo wake aliposhiba.

Jumapili, 6 Mei

Sikuenda kanisani. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni hayakuwa ya kumwambia Mungu.

Alhamisi, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Vyumba viwili, watoto wanne, mabati yanapiga kelele mpaka husikii mawazo yako mwenyewe.

Hawa wawili wanajua Kiarabu na Kidinka. Kidinka changu ni cha kusalimia tu, Kiarabu changu ni cha kununua nyanya. Mkalimani wa nyumba ni Mading wangu, mwenye miaka sita, maana Kiarabu cha Juba amekiokota uani kwa wenzake. Charity, mwenye minne, hahitaji mkalimani. Amekwisha kumpanda Kuol mgongoni.

Athieng ninapomwita, anakuja, anasimama, anatazama miguu yangu. Ningependa kumhurumia, lakini leo sina huruma ya kutosha hata ya kujihurumia mimi.

Jumatatu, 14 Mei

Nimewapeleka shule. Biar alisema ana kazi nyingi ofisini.

Athieng alibeba cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni, amekikunja kama hela. Mwalimu mkuu akakishika juu chini. Nikamgeuzia. Akacheka.

"Huyu amesoma kwa Kiarabu, madam. Hapa tunafundisha kwa Kiingereza. Aanze darasa la kwanza."

"Alikuwa darasa la sita. Hapo imeandikwa alikuwa namba moja."

"Imeandikwa Kiarabu," akasema, kama vile hilo linafuta namba. "Na hata hilo la kwanza limejaa. Mjaribu mwakani."

Nilimwambia mimi ni mwalimu wa chekechea, nimesomea kazi yangu Kitale, na kwamba mtoto hawekewi akili mpya kwa kubadilishiwa lugha. Alikuwa ameshaanza kuongea na mtu mwingine. Athieng hakuelewa neno hata moja, ila alielewa. Alikinyoosha cheti chake, akakirudisha kwenye mfuko.

Jioni nikamwambia Biar. Akasema, "Tutaona."

Jumanne, 15 Mei

Nimemuuliza tena. Tutaona.

Jumamosi, 19 Mei

Biar amesafiri kwenda Rumbek na wakubwa wake. Mvua imemsindikiza. Mading na Kuol wamepigana kwa sababu ya kijiko, nami nikasema basi.

Ile chekechea iliyonileta kufundisha Juba ilifungwa mwezi wa tatu, bila maelezo. Lakini mikono yangu haijafungwa. Nikatoa magazeti makuukuu ambayo Biar huleta kutoka ofisini, ya Kiingereza na ya Kiarabu, nikawaambia leo tunafinyanga karatasi. Unachana vipande vidogo, unaloweka, unaponda kwenye kinu, unakamua mpaka maji yatoke, kisha unachanganya na gundi ya unga uliopikwa. Bakuli la plastiki ukilipaka mafuta linakuwa kalibu. Zamani, Kitale, nilifanya hivi na watoto arobaini na sikuwahi kumzaba mmoja kibao.

Unga nilipewa na jirani, Mama Wasswa, anayepika chapati. Ulikuwa umeingia wadudu. Yeye ni wa kabila la Wakuku, alikulia Uganda, na Kiswahili chake amekuja nacho kutoka huko. Alinitazama juu ya ua wa mwanzi ninavyotwanga.

"Mama Mading, wewe iko na hasira mingi. Hiyo karatasi imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Ila ndiyo iliyo karibu."

Akacheka, akaenda kugeuza chapati zake.

Halafu Athieng akamnyang'anya Mading gazeti. La Kiarabu. Nikapaza sauti, nikamwita mwizi, neno ambalo bahati nzuri halijui. Hakukimbia. Alikaa chini ukutani, akalisoma lile gazeti lote, kurasa zote, mpaka matangazo. Akamaliza, akalichana mwenyewe kwa mistari iliyonyooka, akatia kwenye karai. Akanyoosha mkono apewe lingine.

Nilikaa na kinu changu mapajani nikiona aibu na hasira pamoja. Darasa la kwanza, alisema yule bwana.

Jumapili, 20 Mei

Hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 24 Mei

Bakuli la Charity limeota koga. Boti la Kuol tuliliweka karibu na jiko likaungua upande. Amelipeleka kwenye mtaro hivyo hivyo, likaenda hatua chache, likazama. Alicheka kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza nasikia kicheko chake, na nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeapa kutowapenda.

Jumamosi, 2 Juni

Siku hizi Athieng ndiye anayeamka kuwasha jiko, akaushie kazi yake. Anajenga kitu juu ya chungu kilichovunjika mdomo. Tabaka moja, anasubiri likauke, halafu lingine. Kiswahili chake cha kwanza kimetoka humo: chana, loweka, kamua, bandika. Leo ameniambia, "Unga kidogo. Maji mingi, mbaya." Ananisahihisha! Na alisema kweli, gundi yangu ilikuwa nyepesi.

Ametaka karatasi ya mifuko ya saruji kutoka kwenye nyumba inayojengwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu ni ngumu. Nikaikung'uta na kuiosha mwenyewe mara kadhaa. Saruji hula ngozi ya mtoto.

Jumatano, 6 Juni

Kile kitu ni uso. Paji pana, mashavu yaliyoingia ndani, na meno ya mbele yenye mwanya aliouchonga kwa msumari. Kuol alipouona aliugusa pua, akatulia hapo kama paka.

Sikuuliza ni nani. Nilijua. Hasira yangu kwa msichana huyu imeniishia mikononi, sijui imekwenda wapi. Ya baba yake bado iko, tena imenenepa. Aliwezaje kukaa miaka yote mbali na mwanamke wa uso kama huu, akamwacha afe, akanyamaza?

Jumapili, 10 Juni

Leo lazima niandike.

Baada ya kanisa niliona nifanye jambo la heshima. Nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikauweka ule uso juu yake, nikawasha mshumaa. Nikawaita wote wanne. Nikamwambia Mading awaambie kwamba tutamwombea mama yao.

Mading akasema. Kuol akaanza kulia, si kilio cha kawaida, alipiga ukelele akaanguka magotini. Athieng akamgeukia Mading, akamuuliza kitu.

"Anauliza kwa nini," Mading akasema.

"Mwambie kwa sababu mama yao alikufa, na marehemu huombewa."

Mading akatafsiri. Athieng alinitazama usoni, siyo miguuni. Halafu akainama, akauzima mshumaa kwa pumzi.

"Umi fi," akasema.

"Anasema mama yao yuko."

"Ndiyo, mwanangu. Yuko mbinguni."

Mading akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Anasema yuko Khartoum. Anauza chai."

Nikamwambia Mading aulize tena, akauliza, jibu likawa lilelile. Mama yao anaitwa Nyandeng. Aliwasindikiza mpaka Kosti. Alisimama gatini mpaka tishari likapotea machoni.

Na Kuol alikuwa analia kwa sababu alidhani tumepata habari. Alidhani mama amekufa tangu walipoachana, na kwamba mimi, mwanamke wa nyumba hii, ndiye niliyechaguliwa kuwaambia. Athieng alikaa chini kando yake, akamshika masikio, akamrudia neno moja: fi, fi, fi. Yuko, yuko, yuko.

Mtu amemuua mkewe kwa mdomo ili apate urahisi mlangoni, na mimi nimemwashia mshumaa! Nimewatia watoto wa watu msiba wa bure, kwa kitambaa changu cheupe, kwa nia yangu njema. Nikimpata Biar.

Jumatatu, 11 Juni

Nimetwanga karatasi tangu asubuhi. Hatuna tena gazeti.

Alhamisi, 14 Juni

Amerudi kutoka Rumbek jioni, na mvua nyuma yake. Nilimwacha anywe maji. Nikasema, "Nyandeng anakusalimu."

Glasi ilisimama njiani kwenda mdomoni.

"Nani amekuambia?"

"Wanawe. Wale uliowafanya yatima."

Biar ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionidanganya. Akakaa, akaongea taratibu kama anamweleza mtoto. Kwamba vita vilitenganisha watu. Kwamba alitoroka Khartoum akijua hatarudi. Kwamba hakuniambia Kitale kwa sababu ningemkataa, na baada ya hapo kila mwaka ilizidi kuwa vigumu. Halafu akainua macho.

"Ningekuambia yuko hai, ungewapokea?"

Swali hilo lilinichoma kuliko uongo wote, kwa sababu sina uhakika na jibu. Nikamwambia, "Hukunipa nafasi ya kujua mimi ni mtu gani. Umejichagulia mwenyewe, ukanichagulia na mimi."

Ndipo alipoona ule uso. Ulikuwa rafuni, umekauka, Athieng ameusugua kwa mchanga ukawa laini. Alimtambua. Nilimwona akimtambua, mabega yakamshuka. Laiti angelia wakati ule, sijui ningefanya nini. Lakini aliona haya, na Biar akiona haya hukasirika.

"Nani ameweka kitu hiki ndani ya nyumba yangu?"

Akaushika kwa mkono mmoja, akafungua mlango, akautupa uani.

Mvua ilikuwa ya kumwaga. Athieng alitoka mbio, lakini hakuuokota. Alisimama juu yake akiutazama unavyolowa, pua kwanza, kisha mashavu, mpaka ukarudi kuwa uji wa karatasi. Kuol alikuwa anamvuta mkono. Nilipotoka kumchukua, Athieng aliniambia mimi, hakumwambia baba yake, kwa Kiswahili chake cha karatasi:

"Mimi nataka mama."

"Utampata," nikasema.

Sikujua nitampataje. Ila nilisema kwa sauti, na Biar alisikia.

Ijumaa, 15 Juni

Kuku wa Mama Wasswa wanadonoa uji uani. Kuol aliukusanya kwenye karai akamletea dada yake. Athieng akasema, "Wacha."

Jumamosi, 16 Juni

Nimeongea na Nyandeng.

Athieng anaijua kwa kichwa namba ya duka lililo karibu na pale mama yake anapouzia chai. Mama Wasswa ana simu ya laini inayofika Khartoum. Tulikaa watatu nyuma ya meza yake ya chapati, moshi machoni. Mading nilimwacha nyumbani, maana kumbe Athieng Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema. Mwenye duka akaenda kumwita. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, na Athieng akafunika uso kwa kiganja akaongea, akaongea, mpaka nikamgusa bega.

"Mama anasalimu," akasema. "Anasema, salamu kwa shangazi."

"Shangazi gani?"

"Wewe. Baba alisema wewe dada yake."

Mama Wasswa akaacha kusukuma chapati.

"Wewe ulijua si kweli?" nikamuuliza Athieng.

"Siku ya kwanza nimejua. Charity anamwita baba."

"Mwambie mama yako. Mimi si dada yake. Mimi ni mke wake, miaka saba, na mimi niliambiwa yeye amekufa."

Athieng aliishika simu kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, na sisi watu wazima tumembebesha hili. Nikataka kurudisha maneno yangu. Lakini akasema yote. Najua alisema yote kwa sababu upande wa pili pakawa kimya kabisa, nikasikia gari likipita huko Khartoum.

Nilijiandaa kutukanwa. Nyandeng akauliza, "Wanakula?"

"Wanakula."

"Wanaumwa?"

"Kuol alikohoa kidogo. Amepona."

"Wanasoma?"

Ningeweza kusema tutaona. Nikasema, "Hapana. Shule imewakataa."

Hapo ndipo alipopiga kelele, na Athieng akaisogeza simu mbali na sikio. Hakuhitaji kutafsiri, lakini alitafsiri. Ndugu za Biar walimwendea nyumbani, wakamwambia watoto wa Kusini wasome Kusini, shule zipo, shangazi yao mwalimu atawalea. Aliwatoa kwa ajili ya hilo tu. Tangu Kosti hajalala vizuri. Na sasa anaambiwa msichana aliyekuwa namba moja anakaa kuchana magazeti?

"Mwambie," nikasema, "ana haki ya kukasirika. Mwambie mimi pia nimekasirika. Mwambie watarudi."

Mama Wasswa alinipa chapati mbili bila kuniambia kitu. Mwanamke huyo nilimwona mmbea miezi yote hii.

Jumamosi, 23 Juni

Kikao nyumbani kwa Mayen, kaka yake Biar, kule Jebel. Nilikwenda nikijua wanaume watanila. Mayen ni mtu wa sauti nzito. Tangu nije Juba hajanisemesha zaidi ya salamu.

Akaanza kama nilivyotarajia. Mke huvumilia. Watoto ni wa ukoo. Mwanamke mwenye busara hafungui kisichofunguliwa.

Nikasema, "Sikatai watoto, mzee. Nakataa kuambiwa mtu mzima amekufa wakati anauza chai."

Mayen akageuka polepole.

"Nani anauza chai?"

"Nyandeng."

"Nyandeng yupi?"

Biar alitazama sakafu. Kumbe na kaka yake alimdanganya! Mayen alikuwa amechinja mbuzi mwaka juzi kwa ajili ya matanga ya shemeji yake. Alikusanya watu. Alilia. Nimeona uso wa yule mzee ukibadilika, na nikajua nimepata mtu wa kukasirika naye.

"Mbuzi wangu," alisema kwanza. Halafu akasema, "Yule mwanamke alinifulia nguo nilipokuwa naumwa Khartoum."

Basi nikasema nilichokuja kusema. Watoto watarudi kwa mama yao, kwa sababu shule yao iko huko na mama yao yuko huko. Na atakayewapeleka ni Biar. Siyo mjomba, siyo mtu wa tishari. Akasimame mbele ya Nyandeng, amwambie kwa mdomo wake kwamba mimi si dada yake.

"Na asipokwenda?" Mayen akauliza.

"Mimi na wangu wawili tunarudi Kitale."

"Atakwenda," Mayen akasema.

Alhamisi, 28 Juni

Biar analala kwenye kiti. Hatuongei. Leo aliniuliza chumvi iko wapi, nikamwonyesha kwa kidole.

Jumatano, 11 Julai

Tishari la kushuka limechelewa, mvua haichelewi. Watoto wa majirani wanakuja sasa kwa karatasi, uani hapatoshi. Mimi nimekuwa wa kupika gundi tu. Athieng ndiye mwalimu. Anapita katikati yao na kijiti: "Kamua! Kamua sana! Maji mingi, mbaya!" Mtoto wa Mama Wasswa alileta bakuli lililopinda, akamwambia alivunje aanze upya, na akavunja bila kulia. Nilipofundisha mimi walikuwa wanalia.

Hajatengeneza uso mwingine. Nilimuuliza kama anataka. Akasema hapana, atauona wenyewe.

Shule ile iko umbali wa kutupa jiwe. Ningependa kulitupa.

Jumamosi, 21 Julai

Wameondoka.

Biar alibeba mabegi. Mayen alikuja, akasimama naye mpaka akapanda, kama polisi. Mtu niliyeolewa naye alinitazama kutoka juu ya tishari, akangoja niseme neno. Nikawageukia watoto. Kuol alimbeba Charity mgongoni mpaka dakika ya mwisho, ikabidi nimbandue kama gundi.

Athieng hakunikumbatia, na mimi sikumlazimisha. Alisema, "Gazeti ya Kiarabu, usichane kabla kusoma."

"Siwezi kulisoma."

"Jifunze."

Akapanda. Nimerudi nyumbani, nikalipiga teke karai la karatasi likaruka mpaka kwa Mama Wasswa. Wala sikulia kwa ajili ya Biar. Nililia kwa sababu mtoto wa namna ile alikaa kwangu msimu mzima wa mvua na nchi yote hii haikuwa na dawati la kumkalisha.

Jumapili, 5 Agosti

Mvua. Mading anauliza baba anarudi lini.

Jumamosi, 18 Agosti

Mama Wasswa ameniita mbio, mikono imejaa unga. "Njoo, njoo! Khartoum iko kwa simu!"

Athieng. Kiswahili chake kimeanza kupata kutu lakini bado kinakata. Amerudi shuleni, yuko darasa la saba, walimweka bila maneno. Kuol ana rafiki mwenye baiskeli. Na baba? Baba alimwambia mama kila kitu, siku ya kwanza, pale pale penye chai, mbele ya wateja. Mama hakumjibu. Alimwonyesha ndoo ya glasi chafu. Tangu siku hiyo baba analala kwa ndugu zake, asubuhi anakuja, anaosha glasi mpaka jioni.

Nilijaribu kumpata Biar huyo akilini mwangu, amechuchumaa na ndoo. Niliona raha mbaya. Bado nina hasira, sitaki mtu yeyote aniambie itapita.

Nikasikia mwanamke akisema kitu kwa nyuma.

"Mama anauliza," akasema. "Anasema, huyu mwanaume, unamtaka?"

Mama Wasswa alikuwa amesogeza sikio lake mpaka karibu tugongane vichwa. Miaka saba. Wanangu wawili. Kaka yake na mbuzi wake. Nilifungua mdomo nikidhani itatoka hapana, kisha nikadhani itatoka ndiyo.

"Mwambie sijui."

Kiarabu kikapita. Halafu nikasikia kicheko, kirefu, cha mtu anayeshika tumbo, na Athieng aliporudi kwenye simu alikuwa na yeye anacheka.

"Mama anasema hata yeye hajui. Lakini glasi anaosha vizuri."